Kifaa Kikae Wapi? Swali Dogo Lililozamisha Meli Kubwa

Mwangalie kijana wa boda anayepeleka vyakula hapa Nairobi. Simu yake iko wapi? Imefungwa kwenye usukani, mbele ya macho yake. Mvua inainyeshea, vumbi linaipata, na pale kwenye taa za barabarani kuna mtu anaiangalia kwa jicho baya. Mfukoni ingekuwa salama zaidi. Lakini simu iliyo mfukoni haijawahi kumwonyesha mtu kona.

Sasa lichukue swali hilo hilo ulipeleke baharini. Wenye zile yoti za tanga unazoziona zimetia nanga Kilifi na Mtwapa huwa na ubishi usioisha: vifaa vya elektroniki vya kuonyesha njia vifungwe wapi? Skrini ya ramani ikae chini ndani ya chumba, pakavu, ama ikae juu mbele ya mshika usukani? Rada ipande mlingotini ama isimame kwa nguzo yake huko tezi? Ukisikiliza unaweza kudhani ni maneno ya watu wenye pesa wanaogombania mahali pa kutoboa tundu.

Mimi si baharia. Niliacha chuo mwaka wa pili na tangu hapo nasoma ninachotaka bila mtu kunipa alama. Na katika kusoma huko nimegundua swali hili si la juzi, na si la matajiri. Lina miaka mia kadhaa, na watu wamekufa kwa sababu ya jibu baya.

Hoja yangu ni hii. Kifaa cha njia kina mambo matatu kinayotaka: kiseme ukweli, kionekane na anayeongoza chombo, na kisiharibike. Shida ni kwamba chombo cha bahari hakikupi mahali pamoja penye yote matatu. Panapokifanya kionekane, kinalowa. Panapokilinda, hakionekani. Panapokifaa macho, pana chuma kinachokidanganya. Kwa hivyo historia ya vifaa hivi ni historia ya watu kuchagua wapoteze lipi. Na ukiangalia vizuri, mara nyingi sana aliyepotezewa ni yule aliyeshika usukani.

Kifaa kilichofungwa kwenye meno

Novemba 1497, Vasco da Gama alitia nanga kwenye ghuba moja upande wa magharibi wa nchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Wareno waliiita Ghuba ya St Helena. Mojawapo ya mambo waliyoshuka kufanya ni kupima urefu wa jua angani kwa astrolabu kubwa ya mbao. Kwa nini wateremke nchi kavu? Kwa sababu melini kifaa kile hakikuwa na mahali pa kukaa. Meli inayumba, astrolabu inayumba, na kipimo kinakuwa bahati nasibu.

Miezi mitano baadaye, Aprili 1498, wakafika Malindi na kupewa rubani wa kuwavusha hadi India. Kwa njia, neno rubani kabla ya kupanda ndege lilikuwa la baharini. João de Barros, mwandishi Mreno aliyeandika nusu karne baadaye, anasema rubani huyo alionyeshwa astrolabu za Wareno na hakushtuka hata kidogo. Alikuwa na vyake.

Vifaa vya marubani wa Bahari ya Hindi vilikuwa rahisi mpaka unacheka. Kimoja kinaitwa kamal. Ni kibao kidogo cha mbao chenye kamba katikati, na kamba ina mafundo. Unashika kamba kwa meno, unanyoosha kibao mbele yako mpaka ukingo wa chini uguse upeo wa bahari na wa juu uguse nyota ya kaskazini. Fundo linakwambia uko wapi kwenda kaskazini au kusini. Kipimo chenyewe kiliitwa isba, yaani kidole.

Hebu fikiria pale kifaa hiki kimefungwa. Kimefungwa kwenye mwili. Chombo kikilala upande, mtu husimama wima, manake magoti na kiuno cha baharia ndiyo mizani bora kuliko mizani yote. Wareno walikuwa na kifaa kizuri kisicho na mahali. Watu wa bahari hii walikuwa na kifaa cha kawaida chenye mahali pazuri kuliko pote. Tarehe 24 Aprili waliondoka Malindi, na tarehe 20 Mei walikuwa wametia nanga karibu na Calicut. Siku 26.

Wengi wamesema rubani yule alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah. Wasomi wengi hawakubali tena, na mimi niko upande wao. Lakini kitabu chake kikubwa cha ubaharia cha mnamo 1490 ni cha kweli, na kinaonyesha kuwa elimu hii ilikuwa imeandikwa na kupangwa kabla Mreno yeyote hajaonekana pwani yetu.

Tusiitukuze kupita kiasi, lakini. Kamal haifanyi kazi mawingu yakifunga. Na ukivuka ikweta kuelekea kusini nyota ya kaskazini inazama chini ya upeo. Malindi yenyewe iko karibu digrii 3 kusini, kwa hivyo ilibidi marubani wajue nyota nyingine pia. Kifaa kilikaa mahali pazuri, lakini kilitaka mwenye kichwa kilichojaa.

Nyumba ndogo ya dira

Dira ya sumaku ilianzia China. Shen Kuo aliieleza sindano ya sumaku mwaka 1088, na karne iliyofuata ilikuwa tayari inatumika melini. Mwaka 1282 Baylak al-Qibjaqi aliandika kwa Kiarabu kuhusu mabaharia wanaoelea sindano majini ili iwaonyeshe upande.

Dira ilipokuwa kifaa cha kila siku, ikahitaji mahali pa kudumu. Wazungu wakaijengea kabati mbele ya usukani. Jina lake la Kiingereza lina asili ya Kilatini, habitaculum, maana yake makao madogo. Ndiyo, dira ilikuwa na nyumba ndogo, na usicheke sana. Ndani ya kabati hilo ziliwekwa dira mbili na taa katikati, ili mshika usukani aone usiku akiwa upande wowote.

Hapo nikasema safi, hatimaye kuna mtu amemfikiria anayeshika usukani. Na hawakuishia hapo. Kulikuwa pia na ubao wenye matundu na vijiti vidogo. Kila nusu saa mshika usukani alichomeka kijiti kuonyesha walikuwa wakielekea wapi. Hata asiyejua kusoma aliweza kuandika safari kwa vijiti. Zamu ikiisha, ofisa aliuchukua ubao na kuhamishia hesabu kwenye daftari. Ukiniuliza, ule ubao ni teknolojia nzuri kuliko nusu ya programu zilizo kwenye simu yako: umewekwa pale kazi inapofanyika, na anayeufanyia kazi anaujua.

Lakini kabati lile lilikuwa na siri mbili. Ya kwanza ilijulikana mapema: chuma kikiwa karibu, dira inadanganya. Ndiyo maana mafundi waangalifu walilijenga kwa vigingi vya mbao na shaba badala ya misumari ya chuma. Ya pili ilichukua muda kueleweka: zile dira mbili zilizowekwa jirani, kila moja ni sumaku, kwa hivyo zilikuwa zinavutana zenyewe kwa zenyewe.

Hapa lazima niwataje mafundi wa Lamu. Mtepe, kile chombo cha pwani yetu chenye tanga la mkeka, haukuwa na misumari. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi na kufungwa kwa vigingi. Watu wa mbali waliosikia habari za vyombo vya kushonwa vya Bahari ya Hindi walitunga hadithi kuvieleza: ati kuna milima ya sumaku baharini, na chombo chenye misumari kikipita karibu misumari inachomoka yote. Hadithi ni uongo. Walishona kwa sababu kamba zilikuwepo, ziliwafaa, na mbao zilizoshonwa hujikunja kidogo mawimbi yakipiga. Lakini ndani ya uongo ule kulikuwa na punje moja ya ukweli ambayo Ulaya ingekuja kuilipia kwa maisha ya watu: chuma cha chombo na sumaku ya baharini vina ugomvi.

Saa yenye funguo tatu

Kabla ya chuma, tuzungumzie saa. Kujua uko umbali gani kaskazini au kusini, nyota na jua vinatosha. Kujua uko umbali gani mashariki au magharibi, unahitaji kujua saa ngapi nyumbani ulikotoka. John Harrison, seremala wa Uingereza, alitumia maisha yake yote kutengeneza saa isiyopotea baharini. Ya kwanza, aliyoipeleka Lisbon mwaka 1736, ilikuwa mzigo wa kilo zaidi ya 30. Ya nne, iliyokwenda Jamaica mwaka 1761, ilikuwa na upana wa sentimita 13 tu.

Saa hii iwekwe wapi? Jibu lilikuwa wazi: chini, katikati ya chombo, pale panapotikisika kidogo kuliko kwingine, mbali na maji. Kwa safari ya pili ya James Cook, iliyoanza 1772, masanduku ya saa yaliwekewa kufuli tatu, na funguo zikagawiwa watu watatu: kamanda, msaidizi wake, na mnajimu. Kama umewahi kuona sanduku la pesa la chama kijijini, unajua mpango huo. Hakuna anayefungua peke yake. Na meli ya Beagle, iliyomchukua Charles Darwin mwaka 1831, ilibeba saa 22 ndani ya chumba kidogo, zimelazwa kwenye unga wa mbao ili zisitikisike.

Kama uhandisi, ni sawa kabisa. Saa ile ingewekwa juu ingekufa kwa wiki moja. Lakini angalia kilichotokea. Kwa dira, elimu ya njia ilikuwa juu ya sitaha, mtu wa kawaida anaiona. Kwa saa, elimu ya njia ikashuka chini, ikafungiwa, na wachache tu wakawa wanajua chombo kiko wapi hasa. Mshika usukani akabaki kuambiwa: peleka huku. Kwa nini huku? Wewe peleka tu.

Tabia hiyo haikuanzia kwa saa. Kwa mujibu wa muhtasari wa shajara ya Christopher Columbus uliotufikia, mwaka 1492 aliwaambia mabaharia wake umbali mfupi kuliko aliouamini mwenyewe, ili wasiogope. Wanahistoria bado wanabishana alimaanisha nini. Hata hivyo saa iliyofungwa iliipa tabia ile ya kuficha sababu ya kiufundi, na sababu ya kiufundi ni ngumu kubishana nayo.

Tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema wazee wa pwani. Uende nyuma, uende mbele, mwisho utarudi katikati ya chombo, chini. Vifaa vya bahari vilifanya hivyo hivyo: kila kilichokuwa cha thamani kikashuka ngamani.

Chuma kilipokuwa chombo chenyewe

Mwaka 1801 Matthew Flinders alitumwa na Uingereza kuchora pwani ya Australia. Alipokuwa akipima, akaona dira yake inabadilika kulingana na upande meli inakoelekea. Ikielekea mashariki inakosea huku, ikielekea magharibi inakosea kule. Hakuna mtu aliyekuwa ameihamisha. Akaelewa kuwa mizinga na vyuma vya meli ndivyo vinavyoivuta. Akiwa njiani kurudi nyumbani alisimama Mauritius, iliyokuwa ya Wafaransa wakati huo wa vita, wakamfunga. Alikaa huko tangu 1803 hadi 1810. Ripoti yake kuhusu dira aliiandikia kifungoni, ikasomwa London mwaka 1805. Alikufa Julai 1814, siku moja baada ya kitabu chake kikubwa kutoka. Mpaka leo kipande cha chuma kinachowekwa mbele ya dira kusawazisha makosa kinaitwa kwa jina lake.

Na huyo alikuwa kwenye meli ya mbao! Sasa meli nzima ikijengwa kwa chuma itakuwaje? Mwaka 1838 mwanaastronomia George Airy alifanya majaribio kwenye meli ya chuma iitwayo Rainbow, akapata dawa: weka sumaku ndogo karibu na dira zivute upande wa pili, makosa yafutane. Wenye meli wakafurahi. Dira inabaki pale pale mbele ya usukani, na mambo yanaendelea.

Januari 1854 meli mpya ya chuma iitwayo Tayleur iliondoka Liverpool kwenda Australia na watu zaidi ya 600, wengi wao familia za wahamiaji. Siku mbili baadaye iligonga miamba ya kisiwa cha Lambay karibu na Dublin. Waliokuwa juu waliamini wanaenda kusini, kumbe wanaelekea magharibi, Ireland ikiwa mbele yao. Dira za melini hazikuwa zinapatana. Zaidi ya watu 300 walikufa. Dira haikuwa kosa pekee, manake kamba zilikuwa mpya na ngumu na usukani ulikuwa mdogo kwa meli ya ukubwa ule. Lakini dira ndiyo iliyowapeleka kule.

William Scoresby, aliyekuwa mwindaji wa nyangumi kabla ya kuwa kasisi na mwanasayansi, alisema dawa ya Airy haitoshi. Meli ya chuma inapogongwa kwa nyundo kiwandani inapata usumaku wake, na mawimbi ya baharini yanaupangua usumaku ule. Unasawazisha leo bandarini, kesho kwenye dhoruba hesabu imebadilika. Ushauri wake? Pandisha dira juu ya mlingoti, mbali na chuma. Mwaka 1856 alisafiri mwenyewe hadi Australia kwa meli ya chuma Royal Charter kuthibitisha. Mwaka uliofuata alifariki.

Hapa ndipo ninapopenda kusimama katika historia hii yote, kwa sababu hapa watu wawili wenye akili wanatoa majibu mawili na yote mawili yana maana. Dira ya Scoresby inasema ukweli lakini iko mita nyingi juu ya kichwa cha anayeihitaji. Ili kuisoma mtu apande mlingoti, gizani, mvuani, kisha ateremshe jibu kwa sauti. Dira ya Airy iko mbele ya macho lakini inaweza kukudanganya. Ungechagua ipi?

Waliokuwa makini walichagua zote mbili. Ya juu ikawa ya kukagua, ya chini ikawa ya kuongozea, na kazi ya ofisa ikawa kulinganisha moja na nyingine. Baadaye, mwaka 1876, William Thomson, anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin, alipata hataza ya dira bora yenye kabati lililopangwa kisayansi, na mabunda mawili ya chuma laini pembeni, kulia na kushoto. Ukiona picha ya meli ya zamani yenye mipira miwili kando ya dira, ndiyo hiyo. Badala ya kuipeleka dira mbali na usukani, Thomson alitumia akili yote ile kuifanya iseme ukweli pale pale ilipohitajika.

Skrini yashuka, skrini yapanda

Vita Kuu ya Pili vilileta rada melini. Kulikuwa pia na vipima kina kwa mawimbi ya sauti na redio za kutafutia njia, halafu zikaja setilaiti. Setilaiti ya kwanza ya GPS ilirushwa 1978, mfumo ukakamilika 1995, na Mei 2000 Marekani ikaondoa makosa iliyokuwa ikiyatia makusudi kwenye mawimbi ya raia. Ghafla mwenye mashua ndogo alijua alipo kwa tofauti ya mita chache kuliko nahodha yeyote wa zamani.

Lakini masanduku ya kwanza yalikuwa makubwa, yanakula betri, na yanaogopa maji ya chumvi. Kwa hivyo yaliwekwa wapi? Umejibu mwenyewe: chini, kwenye meza ya ramani. Ngamani tena. Skrini nyembamba zisizoingia maji zilipokuja ndipo zikaanza kupanda juu, na ubishi ule wa wenye yoti ukawaka.

Tarehe 29 Novemba 2014 yoti ya mashindano ya Team Vestas Wind, ikitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, ilipanda mwamba wa Cargados Carajos, kaskazini mwa Mauritius, giza likiwa limeingia. Mwendo ulikuwa karibu maili 19 za baharini kwa saa. Watu wote 9 walinusurika. Mwamba ule una urefu wa makumi ya kilomita na umekuwepo kwenye ramani kwa karne nyingi. Lakini ramani ya kompyuta, ukiitazama kutoka mbali bila kuikuza, ilionyesha maji ya kina cha kama mita 40. Ilibidi uikuze ndipo mwamba utokee. Uchunguzi ulilaumu namna ramani ilivyotumika, na pia namna ramani yenyewe ilivyochorwa.

Sisemi skrini ingekuwa mbele ya usukani wangepona. Ramani isiyokuzwa ni ile ile, iwe chini iwe juu. Lakini naona mambo mawili. Moja, kompyuta za ramani zilikuwa ndani, na waliokuwa juu waliendesha chombo kwa kasi ile gizani kwa kuamini jibu lililotoka chini. Pili, ni kazi ile ile ya Scoresby: kifaa kimoja kisiwe hakimu wa mwisho. Bahari aliyofungwa Flinders kwa miaka zaidi ya 6 akifikiria kwa nini dira hudanganya, ndiyo bahari iliyotukumbusha miaka 200 baadaye kwamba skrini pia hudanganya, kwa kunyamaza.

Basi zifungwe wapi?

Ukinilazimisha nitoe jibu, historia imeshalitoa. Usitafute mahali pamoja. Gawanya.

Kinachohitajika sekunde hii, yaani kina cha maji, dira na ramani ya karibu, kikae pale anayeshika usukani anakiona bila kuinama na bila kuacha kuangalia bahari. Kionekane juani pia, na ukijaribu, jaribu ukiwa umevaa miwani yako ya jua, kwa sababu baadhi ya miwani huifanya skrini iwe nyeusi kabisa. Kisizuie kamba za tanga kupita.

Kinachohitaji kufikiriwa, yaani ramani kubwa, hali ya hewa na mpango wa safari, kikae chini pakavu. Hapo ndipo pa kukuza ramani njia nzima, kabla ya kung'oa nanga.

Skrini, spika na simu visisogezwe karibu na dira ya sumaku. Ndani ya spika kuna sumaku. Flinders angekwambia hivyo bure.

Antena ya GPS haihitaji kupanda mlingotini, inahitaji anga tu. Juu kule inayumba, na mashua itaonekana inakimbia hata ikiwa imesimama. Rada inataka kimo, lakini kimo kina bei. Rada iliyo mita 4 juu ya maji upeo wake ni kama maili 4.4 za baharini. Ipandishe mpaka mita 9 utapata kama 6.6. Umeongeza kimo zaidi ya mara mbili, umepata nusu tu ya ziada, na umeweka uzito juu pale mashua isipoutaka.

Halafu kuna kitu cha mwisho ambacho hakifungwi kwa skrubu: ruhusa ya anayeshika usukani kuuliza "kwa nini huku?" na kupewa jibu. Ule ubao wa vijiti ulikuwa nayo. Saa yenye funguo tatu haikuwa nayo.

Siku hizi neno dira tumelipeleka kwenye hotuba. Kila mkubwa ana dira, kila taasisi ina dira, imechapishwa kwa karatasi nzuri na kuwekwa kabatini. Mabaharia walijua dira ni kitu, na kitu kina mahali. Kwa hivyo mtu akikwambia ana dira usimuulize inaelekeza wapi. Muulize kwanza ameifunga wapi, na kama anayeshika usukani anaweza kuiona.